Ua Lililoponea Ufagio

Alhamisi ile nilimkuta mwanamke amepiga magoti mahali petu pa maombi, uso wake uko chini kabisa kwenye majani, na ile sehemu nyingine ya mwili ameielekeza mbinguni. Haombi. Mtu anayeomba hanusi udongo. Alivaa kofia pana ya kijani, ametundika kioo kidogo shingoni kwa uzi, na pembeni yake kulikuwa na mfuko mkubwa uliofungwa kamba mara mbili. Nilisimama nyuma ya jiwe na ufagio wangu mkononi. Swali langu lilikuwa moja tu: anazika nini?

Mahali petu pako juu ya kilima cha Observatory, hapa Afrika Kusini, kwenye ule mgongo wa mawe unaoonekana ukiwa kwenye zile taa za magari za chini, wenyewe wanaziita robot. Upande gani wa kilima, sitasema. Akina mama wa maombi tunapanda huko kila Alhamisi asubuhi, wengi wetu wa Kongo, wawili wa Burundi, na Mtanzania mmoja mwenye sauti ya kuamsha wafu. Mimi nakaa na mkamwana wangu na watoto wake wanne kwenye vyumba viwili. Pale nyumbani ukimwinulia Mungu sauti, jirani anagonga ukuta. Ukilia, anagonga ukuta. Juu ya kilima hakuna ukuta. Nimewalilia pale watoto wangu wawili niliowazika kwetu Fizi, Kongo, nikawalilia kwa sauti yote, na hakuna aliyegonga.

Kazi yangu ilikuwa kufagia. Sisi mahali pa kusemea na Mungu hapaachwi na majani. Panalimwa, panafagiliwa, mpaka udongo unabaki mwekundu na mistari ya ufagio inaonekana. Kwa hiyo nilikuwa natangulia saa moja kabla ya wenzangu, nafagia duara letu lote ndani ya mawe.

Lote, isipokuwa mahali pamoja.

Karibu na jiwe kubwa, ndani ya duara kabisa, kulikuwa na kimmea kifupi ambacho sikuwahi kukigusa kwa miaka mitatu. Siku ya kwanza niliinua jembe nikikate shina, jembe likabaki juu. Niliona majani yamekaa matatu matatu, yana manyoya meupe kama mashavu ya mtoto mchanga. Niliona na ua, la manjano. Nikaliinamia. Lilikuwa na ule uso ninaoujua.

Sikusoma sana. Niliacha darasa la tatu, na kuandika huku kunanichukua muda mrefu. Lakini majina ya majani sijasahau hata moja. Lenga-lenga, mnavu, mgagani, mlenda, sombe. Ya kula, ya kunywa, ya kuoshea mtoto mwenye homa. Ukinifunga macho ukanipa jani nitafune, nitakutajia jina lake kwa lugha tatu, na nitakuambia shangazi yangu yupi alikuwa akilipikia karanga. Na jamaa ya kunde naijua kwa ua lake. Ua la kunde lina jani moja pana lililosimama nyuma, kama kilemba cha mwanamke anayekwenda harusini. Mbele yake kuna mawili madogo kama mikono iliyokunjwa. Chini kuna mawili yaliyoshikana kama mdomo uliofungwa. Ubonyeze mdomo huo kidogo, unafunguka na kukutolea ulimi. Kunde ina uso huo, mbaazi ina uso huo, karanga, marejea, hata upupu ule unaowasha mwili mzima, hata utupa wa kulewesha samaki. Wabaya na wazuri, nyumba yao ni moja.

Na mama yangu alitufundisha kwamba kunde iliyojiotea yenyewe haing'olewi. Hujui ni nani ataipita akiwa na njaa. Basi nikazungusha ufagio pembeni yake. Kila Alhamisi nilizungusha ufagio, na kila ilipokauka nilichukua maganda yake machache nikayafunga kwenye kipande cha kitenge, nikayaweka kwenye kopo la maziwa. Nilijaribu kuyapanda kwenye ndoo nyumbani, hayakuota. Kilichoniuma ni kwamba sikulijua jina lake. Mimi! Nilikuwa napita pale kama mtu anayekaa na mpangaji miaka mitatu bila kujua anaitwa nani.

Sasa huyu mwenye kofia alikuwa amelipigia magoti hilo hilo.

Aliniona. Akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Sawubona, Gogo."

"Yebo," nikajibu, na nikamtazama vizuri. Gogo nani? Alikuwa mama wa hapa hapa Afrika Kusini, nywele nyeupe zimechungulia kwenye kofia. Kama mimi ni bibi yake, basi yeye na mama yake walizaliwa siku moja.

Akasema Kiingereza kirefu akionyesha ua. Sikuelewa. Akapiga picha kwa simu, akapiga tena, akafunga mfuko wake akateremka. Nikaenda mbio pale alipokuwa. Hakuzika kitu. Ila kando ya mmea alikuwa amechomeka kijiti chenye kitambaa chekundu.

Usiniambie kijiti chenye kitambaa chekundu ni kitu kidogo. Kwetu kijiti cha namna hiyo kinachomekwa na watu wa aina mbili: anayekuroga, na anayepima kiwanja chako akupore. Na mwaka uliotangulia walikuwa wamekuja wanaume wawili wenye fulana za rangi ya chungwa, wakatuambia moto ni marufuku, mishumaa ni marufuku, kisha wakapaka namba nyeupe kwenye jiwe letu kubwa. Namba ya nini? Hawakusema. Moto wa kilima kila msimu wa baridi unatoka kokote, sigara, mtu anayeota moto wa makaa yake jioni, lakini ukiwaka lawama inapanda kwa akina mama wa maombi. Nikaviweka pamoja: fulana, namba, kofia, kijiti.

Wenzangu walipofika, mama kiongozi wetu aliona kijiti kabla hajaketi. Yeye ni fundi cherehani, anatoka Rosettenville, na macho yake yamezoea kuona uzi uliolegea kutoka ng'ambo ya barabara.

"Nani ameweka hii?"

"Mwanamke mwenye kofia."

"Alisema nini?"

"Alisema sawubona."

"Na baada ya sawubona?"

"Kiingereza."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikichuchumalia kijiti bila kukigusa. "Mnacheka," akasema. "Kuna wenzetu kilima kingine walifungiwa mahali pao kwa ajili ya chura. Chura! Alionekana mara moja, akapigwa picha, wiki ya pili kukawa na ua wa waya. Chura yuko ndani, watu wa Mungu wako nje. Na huyu sasa ameona ua." Akanigeukia. "Mama, ling'oe."

"Sasa hivi?"

"Si sasa. Alhamisi ijayo ukija kufagia, uko peke yako. Ufagio wako, jembe lako, kazi yako. Jembe halina macho. Pasipo na ua hapana kesi."

Tuliomba siku hiyo, lakini mimi nilikuwa nafungua jicho kila baada ya muda.

Nyumbani nilimsimulia mkamwana wangu. Yeye ni msusi kule Yeoville, kazi yake ni vidole na mdomo kwa pamoja, na Kiingereza amekiokota kichwani kwa wateja. "Eish, mama," akasema. "Nilidhani umeniletea mboga, kumbe umeniletea kesi." Akafikiri kidogo. "Alhamisi asubuhi sina mteja. Nitapanda na wewe. Kama yule mama atakuwepo, tumuulize. Mtu akishaulizwa anaonyesha meno yake."

Alhamisi tulipanda mapema. Nilikuwa na mfuko wa mboga nilizochuma njiani, na jembe nililifunga ndani ya kitenge nikaliweka humo humo chini ya majani. Nitasema ukweli: sikuwa nimeamua kung'oa. Lakini jembe nililibeba, na nililificha.

Mwenye kofia alikuwa ameshafika. Hakuwa na sawubona siku hiyo. Alikuwa amesimama kwenye mashimo mawili mapya, hatua chache nje ya duara letu, udongo umerushwa ovyo. Akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu na akaongea haraka.

"Anauliza mfukoni mna nini," akasema mkamwana.

"Muulize yeye ni polisi wa mboga?"

"Mama, nitafsiri au nisitafsiri?"

"Usitafsiri. Anadhani mna nini?"

Wakasemezana. Mkamwana uso ukambadilika. "Anasema kila akija anakuta mashimo. Watu wanachimba mizizi wanakwenda kuwauzia waganga sokoni. Anasema ni watu wa nje."

"Wa nje ya nini?" nikauliza. "Hapa tuko nje sote. Hakuna paa."

Hilo alilitafsiri, na kwa furaha. Mwenye kofia akakunja uso, akarudia kuonyesha mfuko. Basi damu ikanipanda. Nikaupindua mfuko wote juu ya jiwe: mnavu, lenga-lenga, mnavu tena. Na jembe. Lilitoka kwenye kitenge likaanguka kwenye jiwe likalia kama kengele.

Mama yule alilitazama jembe, akatazama mashimo, akanitazama mimi. Mkamwana naye akanitazama, maana sikuwa nimemwambia kama nimelibeba.

"Mwambie ni la kufagilia," nikasema.

"Mama, jembe la kufagilia nitalisemaje?"

"Mwambie udongo wa jembe hili ni mwekundu, wa duara letu. Udongo wa mashimo yale ni mweusi. Aje aone." Na kweli alikuja, akalishika jembe, akakwangua ncha yake kwa ukucha, akaupaka udongo kwenye karatasi. Nikamwachia amalize. Kisha nikasema, "Sasa mwambie afungue wake."

"Mama!"

"Afungue. Mimi nimefungua."

Alisita, nami kusita kule nilikupenda. Akafungua kamba zile mbili. Ndani kulikuwa na mbao nyembamba mbili zimebana magazeti, na katikati ya magazeti kumelazwa majani, yamekauka, bapa kama pesa za karatasi. Jani baada ya jani la kilima chetu. Na kwenye gazeti la mwisho, kitawi cha mmea wangu, na ua lake la manjano limelala ubavu.

"Haya!" nikasema. "Mwizi ni nani sasa?"

Mkamwana alicheka mpaka akashika kiuno, hata kabla ya kutafsiri. Alipotafsiri, mwenye kofia alibaki amefungua mdomo, halafu akacheka na yeye. Akaketi kwenye jiwe lenye namba. Nikamuuliza namba ile ni ya nini. Aliinama akaisoma, akatikisa kichwa. Hata yeye hakujua. Hapo ndipo nilipomwamini kwa mara ya kwanza, kidogo tu, kiasi cha chumvi ya yai moja.

Alituambia alikuwa mwalimu, sasa amestaafu, na yeye na wenzake wachache wanazunguka vilima wakiandika mimea iliyobaki. Nilikwenda kwenye ua, nikaubonyeza ule mdomo wa chini kwa ukucha mpaka ulimi ukatoka, nikamtazama. "Mwambie huyu ni wa nyumba ya kunde. Ni ndugu wa mbaazi, wa karanga, wa upupu."

"Upupu nitamwambiaje?"

"Mwonyeshe."

Mkamwana akaanza kujikuna mikono, shingo, tumbo, akirukaruka. Mwenye kofia akaelewa pale pale, akajikuna na yeye. Akavua kioo chake shingoni akanipa. Nikaliona ua langu kubwa kama sahani, na kila unywele wa jani una kitone cha unata kwenye ncha. Miaka mitatu nilifagia pembeni ya vitu hivyo bila kuviona.

Aliniuliza nimeliona tangu lini. Nikamwambia. Nikamwambia na jambo jingine: kwamba halitoki kila mwaka sawasawa. Moto ukipita Julai, Septemba linatoka kwa nguvu, kabla ya mvua, kabla majani marefu hayajalifunika. Moto usipopita linakonda. Aliandika haraka mpaka ncha ya penseli ikakatika. Kumbe alikuwa analitafuta kwenye majani marefu miaka yote hiyo, mahali ambapo moto umezuiwa.

Ndipo akatueleza alichokuwa anakihitaji. Mmea wa namna hii uko wa aina mbili, ndugu wawili, majani sawa, ua sawa. Mmoja ni wa kawaida, umejaa kila kilima. Mwingine umebaki kidogo sana, mahali pa kuhesabu. Kinachowatenganisha ni ganda. Bila ganda hawezi kuandika jina. Na maganda ni mpaka Desemba, na kwa mashimo haya huenda Desemba asikute kitu.

"Ukiwa ule wa kawaida?" nikauliza.

Basi, anaandika, anakwenda zake.

"Ukiwa ule mwingine?"

Watu wa mimea watataka palindwe.

"Palindwe na nani?"

Mwenye kofia aliangalia duara letu, mistari ya ufagio, mawe tuliyoyapanga. Aliangalia muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. "Anasema hajui," akasema mkamwana. "Anasema haamui yeye."

Ile chumvi ya yai ikaisha. Nikaanza kuzoa mboga zangu.

"Lakini, mama," mkamwana akaniambia kwa Kiswahili, "si una maganda yake kwenye kopo la maziwa?"

Nilimkata jicho. Mdomo wa msusi ni mlango wa duka. Mwenye kofia hakujua neno hata moja, lakini aliona jicho langu, akauliza: amesema nini? Amesema nini? Hakuacha kuuliza mpaka mkamwana akamwambia. Tukapatana niyalete Jumamosi.

Ijumaa mama kiongozi alipiga simu. Nyuma yake nilisikia cherehani ikienda.

"Umeling'oa?"

"Bado."

Cherehani ikasimama. Nikamsimulia yote, mashimo, magazeti, ndugu wawili, ganda. Nilidhani atanigombeza.

"Huyo ndugu wa kawaida, unamjua?" akauliza.

"Yuko kwenye ngazi za kupandia, chini. Ninapita kando yake kila wiki."

"Na maganda yake unayo?"

Ninayo. Nilikuwa nimeyaweka kwenye kopo hilo hilo, fundo lingine la kitenge, kwa sababu niliona kwamba hawa ni ndugu.

"Basi Mungu ameshakujibu, mama, wewe bado unauliza," akasema, na cherehani ikaanza tena.

Na kweli, lilikuwa jibu zuri. Ukilitazama upande huu zuri, ukiligeuza zuri. Hakuna wa kung'olewa. Ua linabaki, sisi tunabaki, mwenye kofia anakwenda zake. Nililala nalo, nikaamka nalo. Jumamosi nilitoa kopo, nikafunga mafundo mawili kwenye ncha mbili za kitenge changu: kulia ganda la mahali petu, fupi, limevimba, lina unata hata likiwa kavu, kushoto lile la ngazini, jembamba na laini. Mkamwana aliyaona mafundo mawili. Hakuuliza, na kwa mdomo wake ule, kutouliza kulikuwa kelele.

Juu kilimani nilifungua fundo la kushoto.

Mwenye kofia alilipokea ganda kwa viganja viwili, kama mtu anayepewa maji. Akaketi, akaweka kioo jichoni, akaligeuza, akaligeuza. Nilikuwa nikiangalia mabega yake. Yalishuka polepole.

"Anasema ni ule wa kawaida," akasema mkamwana kwa sauti ndogo. "Anasema asante sana, Gogo."

Hapo ningeshukuru Mungu nikashika ufagio. Lakini alitoa karatasi ndogo nyeupe, akanoa penseli, akaandika. Akalitia ganda kwenye bahasha. Akafungua gazeti lenye kitawi cha mmea wangu, akabandika ile karatasi chini ya shina lake.

"Ameandika nini?"

"Jina. La yule wa ngazini."

"Na litabaki hapo mpaka lini?"

Mkamwana akauliza. "Anasema karatasi hizi zinatunzwa. Miaka mia, anasema. Watu wakitaka kujua hapa paliota nini, wanafungua wanasoma."

Nitasema kitu ambacho watu wa nyumbani kwangu wanakijua. Karatasi yangu ya kukaa nchi hii ina jina ambalo si langu. Siku ya kuipokea, kwenye dirisha la ofisi, mwandikaji alichanganya karatasi zangu na za mwanamke aliyekuwa mbele yangu, akaliweka jina lake juu ya picha yangu. Niliambiwa kurekebisha ni kuanza foleni upya, na foleni ile nilikuwa nimeilalia. Nikanyamaza. Sasa ni miaka kumi na moja. Kliniki wakiita, ninachelewa kuinuka. Ninajua majina ya majani yote, na langu mwenyewe linanikuta nimeketi.

Mwenye kofia alikuwa anafunga kamba ya kwanza.

"Ngoja," nikasema.

"Mama," mkamwana akanishika mkono. "Mama, usifanye. Mahali petu."

"Mwambie nimekosea fundo."

"Hukukosea."

"Mwambie hivyo hivyo."

Akamwambia. Mwenye kofia aliangalia fundo la kushoto lililofunguliwa, akaangalia la kulia, akaniangalia machoni, na nikajua kwamba anajua. Alikuwa mwalimu, ni watoto wangapi wamemwambia wamekosea? Akanyoosha kiganja. Nikafungua fundo la kulia, ganda likamganda kidoleni kwa ule unata wake.

Safari hii hakuketi. Alitazama akiwa amesimama. Akaibandua ile karatasi ya kwanza kwenye gazeti, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akalitamka jina la yule ndugu aliyebaki kidogo, refu, la Kilatini, kama jina la askofu wa zamani. Nikalirudia. Akanisahihisha. Nikalirudia mpaka likakaa.

Sitaliandika hapa. Wajukuu wameniambia kwamba mtu akiandika jina la mmea, simu inamwonyesha picha, na wachimba mizizi nao wana simu.

Mambo ya ofisi hayana mbio. Tuliendelea kuomba mahali petu kiangazi chote, na mama kiongozi hakuniuliza kitu, kwa hiyo nilijua kwamba ameambiwa. Na nani? Msusi na fundi cherehani wana wateja walewale. Machi walikuja watu watano wakazunguka duara letu wakipima kwa hatua. Agosti wakaja wale wa fulana za chungwa. Walikuja na mapipa ya maji mgongoni, wakawasha moto wao wenyewe, pale pale, kwa makusudi, wakauongoza kama mbuzi mpaka ukala majani makavu yote kuzunguka mmea wangu. Mwaka juzi moto ulikuwa kosa letu. Nilisimama mbali na mkamwana tukaangalia. "Mama," akasema, "walisikia ulivyomwambia yule wa kofia." Huenda. Hawakuja kuniuliza.

Hawakuweka waya. Waliweka vigingi vifupi na kamba, na wakatuambia kwa adabu kwamba duara letu lihamie chini, hatua themanini, kwenye mwamba wa bapa ulio karibu na barabara. Pale nako hakuna ukuta. Lakini kuna magari, na madereva wa teksi wanaopiga honi wakituona tumeinua mikono. Kulia naweza. Ila sasa nalia nikijua kwamba nasikika.

Mama kiongozi aliwaambia wenzetu mbele yangu, hakunizunguka: "Mwenzetu huyu ametuuza kwa ganda moja." Wengine walinisalimu siku hiyo, wengine hawakunisalimu. Mtanzania alinisalimu kwa sauti yake ile mpaka barabara nzima ikajua kwamba nimesalimiwa. Sikujitetea. Ningesema nini? Kwamba niliona vibaya mmea kuitwa jina la mwingine? Yeye ana karatasi yenye jina lake.

Mwenye kofia bado anapanda, Jumamosi. Na mimi napanda, siku zisizo na mpango, niangalie nani anazunguka kamba zile. Mara mbili tumekutana. Yeye anaangalia mikono yangu kabla ya uso, na mimi naangalia kama mfuko wake umenenepa. Kisha ananiita Gogo, tunahesabu mashina.

Alhamisi ya kwanza kwenye mwamba mpya nilitangulia na ufagio kama kawaida. Mama kiongozi alikuwa ameshafika kabla yangu, kutoka Rosettenville, kwa teksi mbili. Aliuchukua ufagio mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Leo nitafagia mimi," akasema. "Wewe kaa hapo, mama. Usije ukaona ua lingine."

Wakacheka wote, hata wale wasionisalimu. Nikaketi kwenye jiwe nililoonyeshwa. Akafagia vizuri, sina la kumsema, mistari imenyooka kama mshono wake. Wimbo wa kwanza ukaimbwa. Tulipoambiwa tufumbe macho, mimi nilitupa macho kwanza kati ya miguu yangu, kwenye ufa wa mwamba, kushoto, kulia, nyuma ya jiwe.

Mtanzania akanigusa kwa kiwiko. "Unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Basi fumba macho."

Nikafumba moja.